Je, mimi ndiye niliyeiondoa Days kwenye televisheni?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, ninaishi Ohio tangu 1998, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mwaka 1999 nilipewa mama mmoja wa Kimarekani, na kila siku ya kazi, saa saba mchana, ilikuwa lazima tukae mbele ya televisheni tutazame tamthilia ya kila siku iitwayo Days of Our Lives. Mwanzoni sikuambulia hata nusu. Yeye ndiye aliyenieleza nani mtoto wa nani, na Kiingereza changu kimejengwa pale pale kwenye kochi lake. Nilikuwa namwita Bibi, naye akalipenda jina. Alifariki 2016. Niliendelea kutazama peke yangu kwenye kituo cha NBC, bure. Mwaka 2021 wakatoa Beyond Salem, iliyochipuka kutoka Days, ila inaonekana Peacock tu, mtandaoni, kwa kulipia. Nikaapa sijiungi. Binti yangu akanifungulia akaunti. Nilipomwona Billie, mhusika wa zamani wa Days, nilifurahi kama mtoto. Julai 2022 ikaja ya pili, wahusika Hope na Bo wakarudi, nikalia. Miezi miwili baadaye Days yenyewe ikatolewa NBC ikapelekwa huko huko kwa kulipia. Tangu hapo nina mzigo moyoni: naona sisi tuliojiunga ndio tuliowapa sababu. Kanisani kwetu kuna mama wa miaka themanini na kitu, ana antena tu, aliitazama tangu ilipoanza na sasa hana tena. Nashindwa hata kumwambia kwamba mimi bado naitazama. Naomba unieleze. Haya matawi ni sehemu ya kisa chenyewe au ni biashara tu? Ni vibaya kuyapenda? Niendelee kulipa? Na binti yangu sasa anataka tutazame pamoja, aanzie wapi?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimeandika tamthilia za redio na za televisheni kwa miaka mingi, na sasa nafundisha vijana kuziandika, lakini maswali kama lako hunijia kwa nadra. Wengi huuliza kwa nini fulani aliuawa kwenye kisa. Wewe unauliza kama umemkosea mtu kwa kutazama.

Naona umebeba mizigo miwili kwenye kikapu kimoja. Wa kwanza ni matawi yenyewe, yaani zile sehemu tano tano za Beyond Salem, na kama zina uzito sawa na kisa unachokijua. Wa pili ni kuhama kwa Days kutoka kwenye hewa ya bure kwenda kwenye programu ya kulipia. Kwa sababu vilifuatana, vimeshikana moyoni mwako. Naomba tuvitenganishe, tuanze na kile kinachokuumiza zaidi.

Hukuiondoa Days kwenye televisheni. Tazama tarehe. Tawi la pili lilionyeshwa kuanzia Julai 11 hadi 15, 2022. Tangazo la kuihamisha Days lilitoka Agosti 3, na Septemba 12 ikawa imehama, saa yake ikachukuliwa na kipindi cha habari. Uamuzi wa kuigusa tamthilia iliyokaa NBC tangu Novemba 8, 1965, karibu miaka 57, haupikwi kwa wiki tatu kati ya Julai na Agosti. Wewe ulipokuwa unamlilia Hope, mazungumzo hayo kwa vyovyote yalikuwa yamekwisha au yanaelekea ukingoni.

Sababu yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti. Waamerika huziita tamthilia hizi "opera za sabuni" kwa sababu zilizaliwa redioni miaka ya 1930 zikigharimiwa na watengenezaji wa sabuni, Procter & Gamble wakiwa mbele. Hesabu ilikuwa nyepesi: mama yuko nyumbani mchana, anafua na kupika, redio inaongea, na katikati ya kisa anasikia jina la sabuni. Televisheni ikairithi hesabu hiyo kama ilivyo. Ilifanya kazi vizuri sana. Novemba 1981, wahusika Luke na Laura walipofunga ndoa ndani ya tamthilia ya General Hospital, watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 30, mchana kweupe, siku za kazi.

Kisha nyumba zikaanza kubaki tupu mchana. Wanawake wengi zaidi wakaingia kwenye ajira za nje. Vituo vya kebo vikaongezeka. Mwaka 1995 kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, iliyoonyeshwa moja kwa moja, ikazikatiza tamthilia za mchana kwa miezi, na baadhi ya watu walioikosa saa yao kwa muda mrefu hivyo hawakurudi. Watazamaji walipopungua, bei ya tangazo ilishuka, lakini gharama ya kuigiza sehemu tano kila wiki mwaka mzima haikushuka kwa kiasi hicho. Kituo kikilinganisha tamthilia na kipindi cha mazungumzo au cha habari, chenye meza moja na waigizaji sifuri, kalamu inaegemea upande mmoja. Guiding Light, iliyoanza redioni 1937, ilizimwa Septemba 2009 ikiwa na miaka 72. As the World Turns ikafuata 2010. All My Children ikaondoka ABC 2011, One Life to Live Januari 2012. Peacock ilifunguliwa kwa Marekani nzima Julai 2020. Mti ulikuwa unaliwa na mchwa miaka mingi kabla binti yako hajakufungulia akaunti.

Lakini sitaki kukupa faraja ya uongo. Waliojiunga kwa ajili ya Beyond Salem walikuwa na nafasi kwenye hesabu, ila si ile unayoiogopa. Kampuni inayouza burudani kwa ada ya mwezi ina adui mmoja mkubwa: mteja anayejiunga leo, akatazama filamu moja, akajitoa mwisho wa mwezi. Tawi la sehemu tano ni chambo. Linakuita uingie. Chambo hakimzuii samaki kuondoka, kinamleta tu. Anayemzuia ni kitu kinachotoka kila siku, mwaka mzima, chenye watu wasiotaka kukosa hata Jumanne moja. Waliotazama takwimu zao waliweza kuona kwamba mpenzi wa Days anafuata anapoitwa. Kwa hiyo, kama uliwapa sababu yoyote, uliwapa sababu ya kuipa Days pa kukaa wakati nyumba ya zamani ilikuwa inaondoka mikononi mwake. Hilo halimfariji mama wa kanisani, nalijua, na nitamrudia.

Linganisha na wenzake walivyofanyiwa. Passions ilitolewa NBC Septemba 2007 ikapelekwa DirecTV, kwa wateja wa dishi hilo tu. Mwaka uliofuata ikafa. All My Children na One Life to Live zilifufuliwa mtandaoni Aprili 2013 na kampuni iitwayo Prospect Park, kwa sehemu fupi za kama nusu saa. Mwanzoni kila moja ilitoka mara nne kwa wiki, hazijakaa vizuri wakapunguza hadi mbili, na kabla mwaka haujaisha zote mbili zilikuwa zimesimama. Neighbours ya Australia ilizikwa kwa heshima Julai 2022, ikafufuliwa na Amazon Septemba 2023, ikafungwa tena 2025. Days ndiyo iliyohama na kubaki na saa yake nzima na siku zake tano za wiki. Desemba 2024 ilionyesha sehemu ya 15,000. Ukiniuliza kwa nini ilipona pale ambapo nyingine zilikufa, jibu langu kama mwandishi ni hilo: haikukatwa vipande. Aliyeihamisha aliihamisha na mwendo wake.

Neno hilo, mwendo, lishike. Ndilo litakalotusaidia kwenye swali la matawi.

Watu wengi huamini matawi ni uvumbuzi wa mitandao ya kulipia. Sivyo. Mwaka 1965, mwaka ule ule Days ilipozaliwa, CBS walimchukua Lisa wa As the World Turns wakamtengenezea tamthilia yake ya usiku, Our Private World. Haikumaliza hata mwaka. Another World ilizaa Somerset 1970, kisha Texas 1980. General Hospital ilizaa Port Charles 1997. Tamaa ya kuuza mhusika mmoja mara mbili ni ya siku nyingi, na matokeo yake yamekuwa ya kila aina.

Linalofaa kukufundisha zaidi ni General Hospital: Night Shift, lililoonyeshwa kituo cha SOAPnet 2007 na 2008. Msimu wa kwanza uliwachukua madaktari na wauguzi ambao watu walikuwa wakiwaona mchana, ukawapa maisha ya usiku yasiyolingana na yale ya mchana. Mtazamaji wa vyote viwili alibaki anajiuliza mtu huyu yuko wapi hasa. Msimu wa pili ulipata mwandishi mwingine aliyezitafuta hadithi ambazo tamthilia mama ilikuwa imeziacha njiani, na wapenzi wakongwe wanaukumbuka kwa upendo hadi leo. Jina lile lile, kituo kile kile, miezi kumi na miwili katikati. Kwa hiyo anayekwambia matawi ni mabaya, au ni mazuri, kwa jumla, hajakaa nayo.

Sasa hebu nikuingize jikoni, uone tawi linavyopikwa. Days hurekodiwa mapema mno, zaidi ya nusu mwaka kabla hujaiona. Maana yake ni kwamba waandishi wa Beyond Salem walipokaa kuandika, yale ambayo wahusika wangefanya mchana kwenye NBC wiki ile ile yalikuwa yamesharekodiwa na kufungwa kabatini. Hawakuweza kumuua mtu anayetakiwa kuonekana hai Jumatatu. Hawakuweza kumvunja mguu, kumwoza, kumfilisi. Wafanyeje? Wakawapeleka safari. Ukikumbuka tawi la kwanza, Septemba 6 hadi 10, 2021: John na Marlena wako mapumzikoni Zurich, Ben na Ciara New Orleans, Abe na Paulina Miami, Chad kaenda kuwatembelea marafiki Phoenix, na Billie anafukuzia vito vilivyoibwa. Si bahati mbaya kwamba kila mtu yuko nje ya mji. Ni kama watoto wanaoambiwa wakacheze uani wakati sebuleni kuna maongezi. Vito vikipatikana, kila mtu anarudi Salem, mji wa Days, kama alivyoondoka, na aliyebaki NBC hajakosa kitu.

Hiyo ndiyo kazi ya kiufundi ya tawi: lazima lionekane kubwa na lisibadilishe chochote. Nimewahi kuandika vipande vya namna hiyo, na nakuambia ni vigumu. Unampa mtazamaji harufu ya pilau na huruhusiwi kumpakulia. Ndiyo maana ulifurahi kumwona Billie na baadaye ukabaki na njaa usiyoweza kuieleza. Hukuwa na kinyongo wala ubinafsi. Ulikuwa unasikia kwa usahihi kabisa jinsi kitu kile kilivyojengwa.

Je, ni sehemu ya kisa chenyewe? Ndiyo, kwa haki zote. Kiongozi wa uandishi alikuwa Ron Carlivati, yule yule aliyekuwa akiongoza uandishi wa Days, na watayarishaji ni wale wale. Na kuna mahali ambapo tawi lilirudisha maji mtoni. Mhusika Sonny alipewa sura mpya, mwigizaji Zach Tinker, kwanza kwenye tawi, kisha sura hiyo ikaja Salem. La uzito zaidi ni lile lililokuliza. Kristian Alfonso, aliyemcheza Hope, aliondoka Days 2020. Bo, aliyechezwa na Peter Reckell, alikuwa amefia mikononi mwa Hope Novemba 2015, tamthilia ikitimiza miaka 50. Kuwaona tena wawili hao Julai 2022 hakukuwa mapambo. Na mwaka 2023 walirejea ndani ya Days yenyewe. Yaani mlango ulifunguliwa uani, lakini waliingia sebuleni.

Na hapa nakubaliana na hasira yako bila kupunguza neno. Mtu aliyemfuata Hope bure tangu miaka ya 1980, aliyekaa na matangazo ya sabuni na dawa za kichwa kwa miongo minne, hiyo ndiyo ilikuwa malipo yake. Alilipa kwa muda wake, kila mchana. Kumwambia kwamba saa ya kukutana na Hope tena iko nyuma ya ukuta wa ada ya mwezi ni kumtoza mara ya pili. Biashara ina sababu zake, nimezieleza, na sioni kuwa ni wezi. Lakini kulikuwa na njia ya kistaarabu zaidi: kuionyesha ile wiki moja NBC pia, hata baadaye. Nimelisema darasani, nalisema hapa.

Turudi kwenye mwendo. Wewe ni Mtanzania na umri wako unaruhusu, kwa hiyo huenda unaikumbuka Twende na Wakati, tamthilia ya Radio Tanzania ya kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi, iliyoanza 1993, mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori, mke nyumbani na wapenzi njia nzima. Hakuna aliyesikiliza sehemu moja akabadilika. Watu walikaa na Mkwaju miezi na miaka, wakamwona anakonda, wakamwona mkewe Tunu anasimama polepole kwa miguu yake, na wao wenyewe walikuwa wanaishi siku zile zile wakati yeye anaishi zake. Redio ikizimwa, mtu aliendelea kumfikiria hadi sehemu ijayo. Nguvu ya tamthilia ya kila siku imo katika siku zile ambazo haionyeshwi, unapokuwa unapika au uko kwenye basi na mhusika yuko nawe. Tawi la siku tano halina muda wa kufanya hivyo. Linaanza Jumatatu, Ijumaa limekwisha, kama mgeni aliyekuja harusini.

Nikupe mfano ulio ndani ya Days yenyewe, na uone kwamba kuhamia Peacock hakukuiua nguvu hii. Bill Hayes aliingia Days 1970 kama Doug Williams. Susan Seaforth alikuwa Julie tangu 1968. Wakapendana kweli, wakaoana kweli 1974. Kwenye tamthilia wakaoana 1976, na Januari mwaka huo walikuwa kwenye jalada la gazeti la Time. Bill Hayes alifariki Januari 12, 2024, akiwa na miaka 98. Desemba 2024 Salem ikamuaga Doug, na mjane wa kwenye tamthilia alikuwa mjane halisi, amekaa mbele ya kamera analia kifo alichokwisha kukilia nyumbani kwake. Hakuna tawi linaloweza kuandika hilo. Hata mwandishi hodari kuliko wote hawezi. Yaliyoliandika ni zaidi ya miaka 50 ya siku za kawaida. Na yalionyeshwa kwa kulipia, asubuhi, kwenye programu ya simu.

Kwa hiyo, yapende matawi kwa kadiri yalivyo. Ni ziara. Ukimwona Billie, furahi umemwona Billie. Usiyadai yakupe kile ambacho ni Days tu inayoweza kukupa, na usijilaumu kwamba furaha yake ilikuwa fupi.

Kuhusu kulipa, nitazungumza kama ndugu. Days ilipohamia, kifurushi cha Peacock chenye matangazo kilikuwa dola 4.99 kwa mwezi. Julai 2023 kikawa 5.99, Julai 2024 kikawa 7.99, Julai 2025 kikawa 10.99. Ni zaidi ya mara mbili ndani ya miaka mitatu, na bado unatazama matangazo. Sitakwambia ni hela ndogo. Najua kazi ya kutunza wazee inavyolipwa, na najua kuna watu nyumbani wanaokutegemea. Kama unaitazama kila siku, gawanya: kwa bei hiyo ya 2025 ni kama nusu dola kwa saa moja ya siku ya kazi, na sioni burudani nyingine ya bei hiyo huko Ohio. Kama unaitazama kwa kurukaruka, usilipe kila mwezi. Sehemu zilizopita hubaki mle ndani kwa muda. Jiunge mwezi mmoja, zitazame kwa mfululizo, jitoe, urudi baada ya miezi miwili. Kufanya hivyo si kuisaliti. Lakini nakuonya: ukiitazama sehemu kumi kwa siku moja, utakuwa umeigeuza kuwa tawi. Utajua yaliyotokea na hutakuwa umeyaishi. Mimi ningekushauri mwezi mmoja wa kutazama kwa mwendo wa kawaida kuliko miezi mitatu ya kufakamia. Na usilipe kwa kujitia hatia, kana kwamba ukitoka wewe itafungwa. Mzigo huo si wa mtu mmoja.

Sehemu mpya hutoka saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani. Hakuna anayekuzuia kuisubirisha hadi saa saba mchana. Naona hilo ndilo limekupotea kuliko NBC yenyewe: saa saba. Wataalamu wana jina la uhusiano wetu na watu wa kwenye skrini, walilitoa mwaka 1956, na kwa sadfa mmoja wa wale wawili walioliandika aliitwa Horton, kama ile familia ya Salem. Walieleza kwamba mtazamaji anayemwona mtu yule yule kila siku hujenga naye ujirani wa aina yake, wa upande mmoja, lakini hisia zake ni za kweli. Kwako wewe kulikuwa na ujirani wa pili juu ya huo: Bibi. Kila Marlena akiingia, Bibi alikuwa pembeni yako. Days ilipokuwa inaendelea NBC saa ile ile, kochi lile lilikuwa bado lipo kwa namna fulani. Ilipohama, likaondolewa.

Hapa nataka uwe makini na nafsi yako. Watunzaji wa wazee hufarijiwa na nani wanapofiwa? Familia ya marehemu hukaa msibani, nawe wiki inayofuata unapangiwa mgonjwa mwingine. Uliishi na Bibi tangu 1999 hadi 2016. Huku kwetu, kwa miaka 17 ungekaa matanga, ungepikiwa, watu wangekuja kukushika mkono. Barua yako inanifanya nihisi hukupata hata siku moja ya namna hiyo. Ikiwa unapotazama Days unajikuta huwezi kujizuia kulia kwa wiki nyingi, usingizi unakukimbia, chakula hakipiti, au unaogopa kuingia nyumba ya mzee mwingine, basi jambo hilo limepita uwezo wa mwalimu wa uandishi. Mwone daktari wako, umwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, naye anaweza kukuelekeza kwa mshauri wa waliofiwa. Mchungaji wako pia, kama ni mtu wa kusikiliza. Nenda mwenyewe, ukae na mtu uso kwa uso. Barua haitoshi kwa hilo.

Mama wa kanisani sasa. Usimfiche. Nina hakika hilo ndilo linalouma zaidi kuliko ada. Huyu ni mtu aliyeanza na Days Novemba 1965, na kitu alichokuwa nacho bure kimeondolewa na watu waliodhani kila mzee ana intaneti na kadi ya benki. Kabla ya kumfanyia mpango, muulize kama anaitaka. Wazee wengine walipoikosa waliamua yaliyopita yamepita, na wana haki. Akisema anaitaka, kuna njia mbili. Kama ana intaneti nyumbani au mwanawe yuko tayari kumwekea, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni kinatosha, lakini asinunue chochote kwa maelezo ya simu. Nenda naye maktaba ya umma ya mtaani kwenu, huko Marekani maktaba nyingi zina watu wa kuwasaidia wazee na vifaa hivi ana kwa ana, bila malipo. Asimpe namba ya kadi yake mtu yeyote anayempigia akidai anatoka kampuni ya televisheni. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda: mwalike kwako siku moja kwa wiki. Akaunti unayo. Kochi unalo. Sehemu moja au mbili, chai, na yeye akueleze mambo ya Tom na Alice Horton ambayo hata Bibi hakuwahi kukueleza, kwa maana aliyaona yakitokea.

Nimebakiza binti yako. Watu wengi watamwambia aanze na Beyond Salem, kwa kuwa ni fupi na ina mwanzo na mwisho. Nisingefanya hivyo. Atakutana na watu ishirini walioko safarini, wote wakikumbushana mambo ambayo yeye hayajui, na ataona ni tamthilia ya vito. Mtafutie sehemu za Desemba 2024, za mazishi ya Doug, kama bado zimo kwenye hazina ya programu. Hatamjua Doug. Haidhuru. Atamwona mwanamke mzee anamzika mumewe, na mji mzima unakuja mmoja mmoja kumsalimu, na kwa kila anayeingia binti yako atakuuliza: huyu ni nani, huyu mtoto wa nani? Mjibu. Na ikifika saa ya kumweleza wewe ulimjulia wapi Julie, zima kwanza televisheni, umwambie habari za Bibi.